Ng'ombe wa Karatasi

Huko Kwengoto, juu kidogo ya Soni, mtu akifanya la ajabu hasemwi sana. Anapewa jina, basi, hilo linamtosha maisha yake yote. Yusta aliuza mtamba wake akanunua mashine ya kukatia karatasi, na kabla mashine haijatolewa kwenye boksi, Kwengoto ilikuwa imeshaibatiza: Ng'ombe wa Yusta.

"Onga mshi, Yusta!" walimsalimu Kisambaa. "Ng'ombe kaamkaje?"

"Leo katoa lita ngapi?"

"Ukikamua unikumbuke, dada. Hata kikombe cha karatasi mimi nakunywa."

Yusta hakuwa mtu wa kuchokozwa akainamisha kichwa. Ulimi wake ulijulikana mpaka stendi ya Lushoto. Aliyeuliza lita alijibiwa kwamba maziwa yapo ya kutosha kuosha kinywa chochote, ila chake kitahitaji pipa. Watu wakacheka, kesho yake wakauliza tena. Dhihaka haichoki, anayechoka ni mdhihakiwa.

Kuna mtu mmoja tu ambaye hakumdhihaki, na ndiye aliyemuuma kuliko wote. Mama yake, Raheli.

Mtamba yule, Maua, alitoka mikononi mwa Raheli. Yusta alipomaliza kidato cha nne na kuja nyumbani na cheti chake, mama alikigeuza mbele na nyuma kama mtu anayetafuta chuchu, akasema: "Divisheni foo haikamuliwi." Akaenda bandani, akamkabidhi ndama mweusi mwenye baka jeupe usoni, kana kwamba mtu amemwagiwa maziwa akasahau kujifuta. Ndama akakua, akawa mtamba, akapata mimba. Hapo ndipo Yusta alipomuuza kwa mtu wa Mlalo.

Raheli alipoambiwa alisema neno moja: "Nilishakupa. Ukishatoa mboga, huulizi imepikwaje." Akajifunga kanga, akaenda kukata majani.

Ndiyo, majani. Ng'ombe hayupo, banda tupu, lakini kila jioni mama alishuka kwenye makinga maji yake, matuta ya mteremkoni, akakata majani ya gwatemala, akajitwisha, akautua mzigo mlangoni mwa banda. Majirani walikuja kuuchukua wakalisha ng'ombe wao, wakashukuru. Na siku za gulio, Raheli akiteremka Soni na matenga ya mapeasi, alifika usawa wa fremu ya duka la binti yake akavuka barabara, akapita upande wa pili. Hakuwahi kukanyaga mle ndani. Hakuwahi kuuliza mashine inafananaje.

Mashine yenyewe, mtu akiiona, ni kama printa iliyonenepa. Badala ya wino ina kisu kidogo kama kipande cha ukucha. Unachora kwenye kompyuta, unabandika karatasi ngumu ya manila kwenye mkeka wenye gundi, mashine inaumeza mkeka, inauvuta mbele na nyuma ikikoroma, na karatasi inatoka imetobolewa maua ambayo mkono wa binadamu ungeyakata ukalia. Yusta alikatia watu kadi za harusi, majina ya kubandika juu ya keki, na stika za bodaboda zenye maneno ya kumtukana Mungu kwa adabu. Kazi ilikuwepo. Lakini kazi hiyo iliishia Soni. Kwengoto hakuna aliyeiona, na mama yake alikuwa Kwengoto.

Ndiyo maana Yusta aliutaka ukuta wa kanisa.

Ukuta ule wa nyuma ya madhabahu hupambwa kila Krismasi, wakati watoto wa Kwengoto walioko Dar na Tanga wanaporudi na magari yao na Kiswahili chao cha kuvuta. Mwaka uliotangulia ulipambwa maputo na kijana mmoja wa Korogwe. Wakati wa sala, maputo yakaanza kupasuka moja baada ya jingine, na bibi mmoja wa benchi la mbele akaitikia kila mlipuko "Amina!" mpaka akashikwa mkono.

Yusta akapeleka wazo lake kwa kamati ya mapambo. Picha ya karatasi, pana kama mlango uliolazwa, yenye matabaka. Karatasi moja nyuma ya nyingine, katikati yake vipande vya boksi vya kuzitenganisha, kila karatasi ina tundu lake, na taa zimefichwa nyuma kabisa. Jicho linaingia tabaka kwa tabaka kama mtu anayechungulia bonde kupitia dirisha. Na bonde lenyewe ni hili hili. Bethlehemu ya Yusta ilikuwa Kwengoto: mivinje mbele, makinga maji yanapanda, nyumba za watu ziko mbali mgongoni mwa mlima, na katikati, palipo wazi, banda la ng'ombe lenye nguzo moja iliyopinda.

Kwengoto nzima inalijua banda lenye nguzo iliyopinda. Ni la Raheli.

Ndani ya banda, Mariamu, Yusufu, mtoto horini, na ng'ombe mmoja mwenye baka jeupe usoni. Hilo Yusta hakumwambia mtu. Kamati ingeona ng'ombe. Mama angemwona Maua, na angejua alikokwenda. Hayo tu ndiyo aliyoyataka binti yule. Mengine yote yalikuwa karatasi.

Kamati ilikutana chumba cha nyuma cha kanisa, chai ikiwa mezani. Mwenyekiti alikuwa Mzee Emanueli, mzee wa kanisa, mwenye biashara ya mbao, mwenye nyumba ya paa jekundu kileleni na geti lenye simba wawili wa saruji. Simba mmoja fundi alimkosea shingo, anafanana na mbuzi aliyeshtuka, lakini hayo hayasemwi mbele ya mwenyewe.

Mzee aliisogelea picha ya mfano, akavaa miwani.

"Hii nyumba ndogo huku nyuma, chini ya mawingu, ni ya nani?"

"Ni yako, Mzee. Juu ya mlima, kama ilivyo."

"Kama ilivyo? Binti, mimi nimejenga juu ili niwaone watu, siyo ili watu wasinione."

"Kwenye karatasi, Mzee, kitu cha mbali kinakaa nyuma, tena kinakuwa kidogo."

"Mimi siyo kitu cha mbali. Mimi ni mwenyekiti." Akavua miwani. "Na simba wangu wako wapi?"

"Simba, Mzee?"

"Wa getini. Watu wa Dar watajuaje kuwa ni kwangu?"

Yusta alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu matatu, yote matamu, yamepanga foleni kwenye ncha ya ulimi. Bethlehemu ya geti na simba! Lakini Mzee Emanueli akanywa chai kidogo, akasema taratibu kwamba kama kazi ni ngumu, yule kijana wa maputo ameshapiga simu.

"Sawa, Mzee," akasema Yusta. "Nitakuleta mbele."

Habari hiyo ilifika kwa Mama Beatha kabla chai haijapoa. Mama Beatha ndiye anayeongoza kwaya, na nyumba yake ina paa la bluu linaloonekana mpaka barabara ya Mombo, labda na angani. Aliteremka Soni siku ya pili, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia Mzee Emanueli kahamia mbele."

"Amehamia, Mama."

"Na simba wake?"

"Na simba wake."

"Basi." Mama Beatha akapangusa kioo cha simu yake kwa ncha ya kitenge. "Mimi sina simba, mimi nina unyenyekevu. Mimi niweke nyuma yake tu, sijisukumi. Ila paa langu lipite juu ya lake. Lote lionekane."

"Lote, Mama?"

"Na ile antena."

"Sawa, Mama."

Kisha ukaja ujumbe wa sauti wa Mwinjilisti Alen, mpole kama maji ya mtungini. Alianza na zaburi, akapitia hali ya hewa, akatua kwenye nyumba ya mtumishi, anamokaa yeye mwenyewe. Ingependeza na yenyewe iwepo, mahali panapoonekana. Siyo kwa ajili yake, la hasha, yeye ni mpitaji tu. Lakini ni mali ya kanisa, na mwaka huu imepakwa rangi.

Fremu iliyopakana na ya Yusta ni ya Rajabu, fundi simu, ndiye pia aliyekuwa akiunga zile taa za nyuma. Alisikiliza ujumbe mpaka mwisho, akazima chuma chake cha moto cha kuchomelea nyaya.

"Yusta."

"Nini?"

"Ule ulimi wako, uliuuza pamoja na ng'ombe?"

"Rajabu, usinichefue."

"Nauliza bei tu. Mimi hapa nikichelewa kukurudishia chaja unanitukania ukoo mpaka kwa babu aliyetoka Handeni. Hao wanakuja wanajenga mjini mwako bila kibali, unasema 'sawa Mzee, sawa Mama'. Kumbe wewe simba wa uani. Na wewe ungekaa vizuri kwenye lile geti."

Yusta alichukua manila akazipanga kuzunguka jiko la mkaa. Desemba ukungu wa Usambara unaingia ndani bila hodi, unakaa kwenye karatasi, karatasi inajikunja kama kabichi, kisu kikipita kinachana badala ya kukata. Kwa hiyo manila ilibidi iote moto kwanza. Wapita njia walioona walishika mbavu: "Jamani, ng'ombe wa Yusta anasikia baridi!"

Mashine ikakoroma, ikatema geti. Ikatema simba, mmoja na shingo ya mbuzi, maana Yusta alimchora kama alivyo. Kisasi kidogo, lakini alikitafuna kwa raha. Ikatema paa la Mama Beatha na antena yake. Ikatema nyumba ya mtumishi yenye rangi mpya. Yusta akapanga tabaka la mawingu, la mlima, la banda, akabandika vipande vya boksi. Akaweka nyumba ya mtumishi. Akaweka paa la bluu. Mbele ya yote, Mzee Emanueli.

Rajabu akawasha taa. Wote wawili wakarudi nyuma hatua chache, watazame.

Ilikuwa kazi safi. Mivinje ilisimama, ukungu wa karatasi nyepesi ulining'inia, mapaa yaling'aa ukingoni. Ulikuwa mtaa wa watu wenye nazo.

"Nyumba nzuri," akasema Rajabu. "Sasa mwenye sikukuu yuko wapi?"

Yusta akainama kulia, akainama kushoto. Tundu lilikuwa limezibwa, ukuta juu ya ukuta. Hakuonekana mtoto, hakuonekana Mariamu, wala hiyo nguzo iliyopinda.

"Yumo," akasema.

"Mimi Mwislamu, Yusta, lakini hata mimi najua sherehe ni ya nani. Toa hilo geti."

"Nikitoa geti, yanarudi maputo. Yakirudi maputo, mama haoni kitu."

"Kwani hapo ataona nini?"

Yusta alikuwa ameshaahidi kila mtu, na mtu aliyeahidi kila mtu ni mtumwa wa kila mtu. Akaifunika picha kwa shuka, akamwomba mwenye kirikuu, kigari cha mizigo, aipandishe Kwengoto.

Siku ya kutundika, Mzee Emanueli alikuja mwenyewe kukagua. Aliwatazama simba muda mrefu, kichwa ameinamisha upande.

"Sasa hii," akasema, "ndiyo Krismasi."

Alitazama kila tofali lake. Mtoto hakumuulizia. Wala Mama Beatha, aliyekuja kuhesabu vyuma vya antena. Wala Mwinjilisti, aliyesema rangi imetokea vizuri.

Asubuhi ya Krismasi ukungu ulikaa madirishani, kanisa likawa na giza zuri la kuwashia taa. Watu wa Dar walijaa mabenchi ya mbele, makoti yao yananukia sanduku. Raheli aliingia kwa mlango wa pembeni, akakaa benchi lake la nyuma, karibu na nguzo. Yusta alimwona.

Shuka likavutwa, taa zikawashwa. Kanisa likasema "Aaah!" na simu zikainuka zote. Mzee Emanueli akageuka nusu, awape watu nafasi ya kumlinganisha na nyumba yake. Kwaya ikaimba, Mama Beatha akiiongoza huku ameipa mgongo ili macho yake yabaki ukutani.

Mwinjilisti Alen akapanda kuhubiri. Alikuwa ameandaa mahubiri juu ya picha, mwanzo hadi mwisho. Mtu wa mifano.

"Wapendwa, leo sina maneno mengi. Tutazame hori." Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama. "Tazameni hori lile. Linatuambia nini?"

Kanisa likatazama. Mwinjilisti akageuka, naye atazame linasema nini. Akasogea. Akavaa miwani, akavua. Akachungulia nyuma ya antena.

"Mzee Emanueli," akanong'ona, lakini kipaza sauti kilikuwa kifuani, kanisa zima likanong'onezwa. "Hori liko wapi?"

"Muulize fundi."

"Yusta. Mtoto yuko wapi?"

Yusta akasimama. "Yumo, Mwinjilisti. Yuko nyuma ya geti la Mzee."

Kicheko kilianzia benchi la vijana kikateremka kama mawe mlimani. Mzee Emanueli akainuka, shingo imevimba.

"Mnacheka nini? Mashine imeharibu! Nilisema tangu mwanzo, mtu anauza ng'ombe mwenye mimba ananunua ng'ombe tasa, mnategemea azae nini? Hata Krismasi ameshindwa kuzaa!"

Sasa kicheko kikageuza uso. Wale wale waliomcheka mzee wakamcheka binti. Kicheko cha Kwengoto hakina mwenyewe, kinakwenda kwa aliyelipuliwa mwisho. Yusta akatazama benchi la nyuma. Mama yake hakucheka. Alikuwa ameshika nguzo, anatazama sakafu, kama siku ile alipoambiwa Maua ameuzwa.

Ulimi ukarudi. Ulirudi wote, na njaa yake.

Yusta akatembea mpaka ukutani, akatoa kwenye mkoba kisu chake kidogo cha kurekebishia kingo. Hakukata. Alikunja kidole, akagonga fremu ya picha, ko ko ko, akaita kwa sauti ya mtu aliye nje ya uzio:

"Hodi! Hodi kwa Mzee Emanueli!"

Kanisa likamgeukia Mzee.

"Mzee, niko getini kwako. Nibomoe, au unafungua?"

Mzee akatazama kulia, akatazama kushoto. Simu zote za Dar zilikuwa zinamtazama. Mtu wa heshima akibishiwa hodi mbele za watu ana neno moja tu, na neno hilo amelijua tangu hajaota meno.

"Karibu," akasema Mzee Emanueli, kama mtu aliyemeza mfupa.

Kisu kikapita. Yusta akakunja geti, simba huku, simba huku, mlango ukafunguka. Nyuma yake ulikuwa ukuta wa paa la bluu.

"Hodi kwa Mama Beatha!"

"Karibu, karibu mwanangu, pita, kwangu huwa wazi," Mama Beatha akaitikia haraka, asije akaonekana amechelewa kuliko Mzee. "Angalia tu antena."

Kikapita tena. Nyuma yake, rangi mpya.

"Hodi kwa mtumishi!"

Mwinjilisti alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena. "Karibu," kipaza sauti kikasema kwa ajili yake.

Kipande cha mwisho kilipokunjwa, mwanga ulipita milango yote mitatu ukatokeza nje ya geti, mwembamba, ukatua sakafuni. Na mwisho wa milango, mbali, kidogo kama kitu cha kwenye kiganja, banda lenye nguzo iliyopinda.

Mtu mwingine angefunga Biblia hapo akatamka baraka, watu wakale wali. Mwinjilisti Alen alihubiri mahubiri yake yote, kwa sababu alikuwa ameyaandaa. Na Mzee Emanueli, mnadhani aliona haya? Ibada ilipotoka alisimama chini ya picha akiwapokea wageni wa Dar mmoja mmoja: "Mmeona? Mmeona mtoto anapitia kwangu? Kwangu kwanza. Hao wengine wako ndani ndani." Mama Beatha akiwa pembeni anaeleza kwamba kuwa katikati ndiyo unyenyekevu wenyewe. Kuna watu ukiwatoboa ukuta wanaita dirisha.

Yusta alibaki anakusanya vipande chini. Alishakubali kwamba kazi imeharibika, imekatwa kwa mkono na hasira, kingo zimechanika. Basi, maputo mwaka ujao.

Wageni walipopungua, Raheli akaja. Alipita mbele ya Mzee Emanueli akasema "Shikamoo" bila kusimama. Akafika ukutani. Ili mtu aone mwisho wa milango ilibidi ainame, macho usawa wa geti, naye akainama, mkono kiunoni, kitambaa chake kikamgusa simba mwenye shingo ya mbuzi.

Akafumba jicho moja, achungulie vizuri.

"Nguzo umeipinda sana," akasema. "Haijafika hapo."

"Ndiyo, Mama."

Akazidi kuinama. Kidole chake kiliingia getini taratibu, kikapita mlango wa pili, kikasimama kabla ya kugusa.

"Huyu ana baka."

"Ndiyo, Mama."

"Maua huyu."

Yusta akaitikia kwa kichwa.

Raheli akanyooka, akashika kiuno, akamtazama binti yake kuanzia viatu kupanda juu, kama siku ile alipokitazama cheti.

"Mbona amekonda hivi?"

"Ni karatasi, Mama."

"Hata kama. Mtu atasema hatukumlisha." Akajifunga kanga vizuri, akaanza kuelekea mlango wa pembeni, kisha akasimama. "Huyo wa chuma uliyemleta badala yake, anakula nini?"

"Manila, Mama. Lakini mpaka iote moto kwanza."

"Anachagua chakula," akasema Raheli, midomo imebenuliwa kwa dharau. "Siku ya gulio nitapita nimwone analala wapi."